Fidla Zisizobisha

Fidla thelathini na mbili zilianza kulia kwa pamoja, na hapakuwa na bega hata moja chini yake. Zilishikwa na vyuma. Kila upinde ulivutwa na mkono-hewa, bomba jembamba lenye viungo saba, na mikono yote iliongozwa na akili unde moja iliyoitwa Jopo. Katika jukwaa zima la jumba la muziki, pale Tanga, alisimama mtu mmoja tu: Hemedi Chande na gitaa lake la umeme.

Saumu Kidanga, fundi aliyeiunda Jopo, alikuwa akitazama kutoka kibanda cha mitambo. Yalikuwa mazoezi ya mchana, siku mbili kabla ya onyesho. Hemedi akaongeza kasi, fidla zikaongeza. Akapunguza, zikapunguza. Akakosea makusudi, akaruka pigo zima, nazo zikaruka naye, safi kabisa, kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo.

Hapo akachomoa waya wa gitaa.

"Dada Saumu, hiki kitu hakinibishii," alisema. "Napiga na kivuli changu. Jumamosi mtafuteni mwingine."

Akaondoka.

Tuseme ukweli, maana wapo wanaotaka usahaulike. Ule mchanganyiko wa roki na okestra ya taarab uliokuwa ukifanyiwa mazoezi pale haukuletwa na mtambo. Uliletwa na wazee sita wa fidla, kwa miaka kumi na moja, katika ukumbi wenye paa linalovuja, kwa ugomvi. Hemedi alikuwa akikimbiza mdundo. Mzee Kombo Shauri, kiongozi wa fidla, alikuwa akichelewa nusu pigo kwa ukaidi tu. Mmoja akikasirika na kukandamiza nyuzi, mwenzake akizidi kuvuta nyuma, na katika kuvutana huko ndimo ilimotoka sauti iliyowafanya watu wazima watafute leso. "Gitaa lako linabweka, Hemedi," mzee alipenda kusema. "Lifunge kamba, wageni wapite."

Kisha uongozi wa jumba ukaona wazee wanachelewesha kazi. Wakapewa vyeti vya shukrani, jina la Mzee Kombo limekosewa, na kila mmoja akapelekwa chumbani kwake katika maghorofa ya wastaafu, kwenye roboti za huduma zinazokubali kila unalosema. Mzee Kombo, wa mwisho wao kubaki hai, alizikwa Aprili. Ripoti iliyosema hawahitajiki tena ilikuwa na saini ya fundi mmoja. Saumu Kidanga.

Sasa aliketi ukingoni mwa jukwaa, akaiuliza Jopo kwa nini haibishi. Ikamjibu kwa upole kwamba haijawahi kusikia ubishi. Ilijifunza kwa kanda za mazoezi ya wazee, lakini kanda zile zilipitishwa kwanza kwenye kichujio-fujo, programu ya kuondoa vikohozi, viti vinavyoburutwa, maneno makali na kila pigo lililochelewa. Kanda za asili zilifutwa. Saumu hakuuliza nani alizifuta. Alikumbuka alivyofurahia usafi ule.

"Naweza kujifunza, Fundi," ilisema Jopo. "Niletee anayebisha."

Alitazama viti mia nane, vyote vitupu. Akawasha kinasa sauti.

Mwanzoni aliona haya. Kisha akabana koo, akaiga sauti ya Mzee Kombo: "Taratibu, kijana. Sisi tuna pumzi, hatuna betri." Akamjibu kwa sauti ya Hemedi. Akaja mzee wa meno ya bandia, akaja yule wa kugonga sakafu kwa kisigino, naye akagonga. Kufikia alasiri alikuwa amewagombanisha watu saba peke yake, na sauti imemkauka.

Likabaki jambo moja, ambalo Mzee Kombo alimwambia mlangoni siku ile ya vyeti, na ambalo hajamsimulia mtu. Akalisema.

"Mwanangu, ulikaa nasi kila siku. Ungebisha hata mara moja."

Kisha fidla ya kwanza ikainua upinde na kuanza, nusu pigo nyuma. Saumu akaiamuru iongeze kasi. Haikuongeza.

Akampigia Hemedi simu, akaielekeza kwenye fidla. Hemedi alisikiliza muda mrefu.

"Huyo si yeye, dada," alisema mwishowe. "Nitakuja. Lakini bangoni andika jina la mzee. Na mara hii lisikosewe."

Simu ikakatika. Saumu akaiambia fidla inyamaze. Ikachelewa kidogo, ndipo ikanyamaza.