Kizimba Kitupu cha Magamba

Simu iliingia kituo cha polisi Lushoto asubuhi ya Jumanne, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mapaa. Aliyepiga alikuwa Efrazia, meneja wa bustani ndogo ya wanyama kule Magamba, pembeni mwa msitu. Alisema kizimba cha chui kiko wazi na chui hayumo.

Bustani hiyo ilianzishwa na baba yake, Mzee Clemence, bwana misitu mstaafu. Wanyama wake walikuwa wachache: mbega, kobe, tai aliyevunjika bawa, na chui mmoja aliyeokolewa mtegoni akiwa mdogo, akabaki na mguu mbovu. Walimwita Zumbe, yaani mtawala kwa Kishambaa.

Inspekta Zakia Shemdoe alikagua kizimba kabla ya kumhoji mtu. Kufuli lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo na kutundikwa kwenye komeo. Ndani, nyama ya jana ilikuwa haijaguswa. Mlangoni udongo ulikuwa mwororo kwa mvua ya usiku. Juu yake zilionekana alama za mabuti na mstari wa gurudumu la toroli, uliokwenda hadi kwenye njia ya mawe na kupotelea hapo. Zakia alipiga picha.

"Nani ana ufunguo?" aliuliza.

"Mimi na Hamza, mhudumu wa wanyama," Efrazia alijibu. "Jana jioni yeye ndiye aliyemlisha. Nadhani alisahau kufunga."

"Na hili toroli?"

"La samadi. Hamza huisomba kila siku."

Hamza alipofika kazini alikuta watu wamejaa getini. Alipigwa makofi mawili kabla askari hawajamwahi. Mkuu wa kituo aliamua awekwe mahabusu kwa uzembe, na pia kwa usalama wake.

Magamba ilisimama. Shule ilifungwa, na wanaume wakaingia msituni na mapanga na mbwa. Jioni hiyo mkulima mmoja, Saumu, aliona kitu kikitikisa majani kwenye shamba lake la karoti. Alikimbia, akaporomoka kwenye ngazi za shamba na kuvunjika mguu. Kesho yake mbuzi wawili wa jirani wa bustani, Saidi, walikutwa wamekufa zizini.

Saidi alikuwa amelalamika kwa miaka kwamba chui hafai kukaa karibu na watu. Zakia alimkuta akianza kuwachuna ngozi mbuzi wake.

"Wengine wanasema wewe ndiye uliyemfungua, ili bustani ifungwe," Zakia alimwambia.

"Afande, nimfungue chui nyuma ya nyumba yangu, na watoto wangu wamelala humu?" Saidi alisema bila kuinua macho. "Chuki yangu haijafika huko."

Zakia alimwomba dokta Nathanaeli, daktari wa mifugo aliyekuwa akiwatibu wanyama wa bustani, awaangalie wale mbuzi. Nathanaeli aligeuza shingo zao, kisha akashika mapaja yaliyoraruka.

"Chui hukaba koo," alisema. "Hawa wameng'atwa nyuma na masikioni. Ni mbwa. Na mbwa wote wa kijiji wako nje tangu jana."

"Zumbe asingeweza kuruka ua huu?"

Nathanaeli alicheka kidogo. "Inspekta, yule ni mzee. Nimemfuatilia mwaka mzima. Masika yaliyopita aliacha kupanda kwenye ubao wake wa kulalia, tukaushusha chini. Julai, baridi ilipokaza, Hamza alikuwa akimwekea jiko la mkaa nje ya vyuma. Tangu Septemba tulikuwa tunamkatia nyama vipande vidogo kwa sababu ya meno. Nilimwambia Efrazia kwamba figo zimechoka na Krismasi hataiona."

"Mwingine nani alijua?"

"Hamza. Mzee Clemence hatukumwambia. Tangu apooze upande mmoja, Efrazia hakutaka asikie habari mbaya."

Zakia alirudi mahabusu. Hamza alikuwa ameegemea ukuta, jicho moja limevimba.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hamza, siku ile asubuhi ulisomba samadi?"

"Sikufika hata kwenye toroli. Niliishia getini."

"Na siku iliyotangulia?"

"Nilisomba mchana, kabla ya mvua." Alifikiri. "Jioni nilimlisha nikafunga. Nilivuta kufuli mara mbili, kama siku zote. Halafu nikamalizia mashimo ya miparachichi, nikaenda nyumbani."

"Umeshapanda?"

"Bado. Nangoja samadi ioze vizuri. Ukipanda na mbichi, mche unaungua."

Zakia alimtuma askari amletee Hamza chai, akapanda gari kurudi Magamba.

Njia ya mawe ilianzia karibu na kizimba na kuishia palipochimbwa mashimo ya miparachichi. Mashimo yalikuwa kwenye mstari, yote matupu yenye maji ya mvua chini, isipokuwa la mwisho. Hilo lilikuwa limefukiwa. Mche ulikuwa umesimikwa juu yake, na majani yake yameanza kunyauka. Zakia alimwita Efrazia.

"Nani alipanda huu?"

"Hamza."

"Hamza anasema hajapanda hata mmoja."

Efrazia alikunja mikono ndani ya sweta lake.

"Nikueleze nilivyoona," Zakia alisema. "Mvua ilinyesha usiku. Chui angetoka baada yake, nyayo zake zingebaki mlangoni. Angetoka kabla au wakati wa mvua, sawa, zingefutika. Lakini toroli limepita baada ya mvua, na Hamza alikuwa hajafika. Umeniambia ni la samadi. Samadi hiyo ilisombwa na nani?"

Efrazia aliutazama ule mche.

"Na chui mwenye njaa haachi nyama akaenda kutafuta mbuzi. Zumbe hakula kwa sababu alikuwa hawezi tena. Hakutoka kwa miguu yake, dada. Nikiwaambia vijana wachimbe hapa, watakuta nini?"

"Usiwaambie wachimbe," Efrazia alisema. Alikaa kwenye tuta, sketi ikiingia matope. "Nilimkuta amekufa alfajiri. Alikuwa amelala upande, kama amechoka tu."

"Kwa nini usiseme?"

"Baba alikuwa anasema kila siku: akifia ndani ya vyuma, nitakuwa nimemfunga bure. Aliomba mara nyingi arudishwe msituni, maafisa wa wanyamapori wakakataa kwa ajili ya ule mguu. Nilipomwambia Zumbe ameondoka, amekwenda msituni, alicheka. Tangu augue alikuwa hajacheka."

"Na Hamza?"

"Mlango hauwezi kujifungua. Nilidhani wangemwonya tu."

"Walipomfunga?"

"Nilitaka kuja. Saa zikaenda, na kila ilivyopita moja, ikawa vigumu zaidi. Aliposikia habari za Saumu, Baba aliniuliza kama ni Zumbe. Nikasema hapana. Hapo ndipo nilipotaka kusema kweli, nikashindwa."

"Sasa utamwambia," Zakia alisema. "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi."

Mzee Clemence alikuwa amekaa kitandani, dirisha likitazama msitu. Zakia alimwamkia, akasimama karibu na mlango. Efrazia alipiga magoti akasema yote, kwa Kiswahili kwanza, kisha akamalizia kwa Kishambaa kwa sauti ambayo Zakia hakuisikia vizuri.

Mzee aligeukia dirisha.

"Hamza yuko wapi?" aliuliza hatimaye.

"Mahabusu, Baba."

"Na mimi nimekaa hapa nikifurahi." Alisukuma blanketi kwa mkono wake mzima. "Nileteeni viatu."

"Baba, huwezi kufika hata getini."

"Basi nibebeni."

Walimbeba hadi kwenye gari la polisi. Njiani Zakia alimpigia mwenyekiti wa kijiji awaondoe watu msituni na kuwafungia mbwa. Efrazia alijua angeandika maelezo, na kwamba kesi ya kutoa taarifa ya uongo isingeishia kituoni, kwa kuwa Saumu alikuwa hospitali na mguu kwenye plasta.

Hamza alitolewa wakati Efrazia akiingizwa. Walikutana mlangoni. Nje, ndani ya gari, Mzee Clemence alikuwa ameinua mkono akimwita, lakini Hamza alisimama kwanza.

"Ulimfunika na nini?" alimuuliza Efrazia.

"Blanketi la Baba."

"Ulimbeba mwenyewe?"

"Kwa toroli. Aliniangukia mara moja."

Hamza alifuta jicho lake lililovimba.

"Nimemlisha tangu akiwa mdogo," alisema. "Ungeniita, tungemzika pamoja."

Kisha akashuka ngazi, akaenda kumwamkia mzee.