Ukingo wa Vidole Viwili

Kitu cha kwanza alichokiona mfagiaji ni ukingo. Saa mbili na robo asubuhi, akipangusa vumbi kwenye kitabu kikubwa cha ramani za mji wa zamani, aligundua ukurasa wa kumi na nne haupo. Ulibaki ukanda mwembamba wa karatasi, upana wa vidole viwili, umenyooka juu hadi chini.

Alimwita mkutubi. Mzee alitazama, akavua miwani.

"Jana nani alifunga maktaba?"

"Mimi, mzee."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi."

"Basi binti, nataka jibu kabla ya saa sita. Bila hivyo barua ya kukuachisha kazi nitaiandika mwenyewe, na mkono utaniuma."

Daftari la wageni lilionyesha watu watatu tu waliokishika kitabu jana: mpima ardhi, seremala mstaafu, na dada yake, fundi cherehani. Wote waliandika kwamba wangerudi leo.

Saa nne akaja mpima ardhi.

"Huyu hutembea na wembe," mkutubi alinong'ona.

Mfagiaji alipitisha kidole juu ya ukurasa wa kumi na tano. "Wembe ungeukwaruza huu wa chini. Ni laini, mzee. Huu ni mkasi."

"Afadhali," mpima ardhi alidakia. "Mimi hata wa kucha sina. Kucha nazing'ata."

Saa tano waliingia seremala na dada yake. Seremala alikuwa akitafuta nyumba alimozaliwa baba yao, kiwanja namba thelathini na moja. Aliposikia ukurasa umekatwa, aliketi kwa uzito.

"Kaka, yaliyopita si ndwele," dada yake alisema. "Twende zetu."

"Ramani ipo," mfagiaji alisema, sauti chini. "Ipo mtandaoni."

Kwa miezi mingi alikuwa akisimama nyuma ya wasomaji, ufagio mkononi, akitazama wanavyobonyeza kompyuta ya maktaba. Sasa, bado amesimama, aliandika kwa kidole kimoja. Alifungua tovuti ya nyaraka, akachagua mwaka, akakuza ukurasa wa kumi na nne. Akavuta kitufe, ramani ya zamani ikafifia, mitaa ya leo ikajitokeza chini yake. Akairudisha. Namba thelathini ilikuwa nyumba kubwa ya ghorofa. Nyuma yake, namba thelathini na moja, kisanduku kidogo kimeandikwa: Jiko la nyumba 30.

"Dada," seremala alisema taratibu, "si ulituambia ghorofa ilikuwa ya babu?"

Dada aliubana mkoba wake kwapani. Mfagiaji alimgeukia.

"Mama, mwizi wa karatasi hukata hadi kwenye mshono wa kitabu. Aliyekata huu ameacha vidole viwili, kama anayeacha nafasi ya kushonea."

Fundi cherehani alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri kama shati jipya.

"Mkono umezoea," alisema. "Wakwe zangu nimewahadithia ghorofa miaka thelathini. Kaka alipokwenda chooni, nikakata."

Seremala alicheka hadi akafuta macho. "Babu mpishi, na wewe hata maji unaunguza! Rudisha karatasi ya watu. Kesho tukauone mtaa wake."

Mkutubi alivaa miwani. "Utaugundisha mwenyewe, mama, mbele yangu. Na wewe binti, kazi unayo. Unataka nini kingine?"

Siku zote jibu lake lilikuwa "hakuna, mzee." Aliegemeza ufagio ukutani.

"Nami nina bibi ambaye sijui alikoishi," alisema. "Naomba nimtafute, nikiwa nimekaa kwenye kiti."