Shemeji wa Watu Elfu Arobaini

Jumatatu asubuhi viti vilikuwa vimesharudi kwa wenyewe, turubai limesharudi kanisani, masufuria yameoshwa na kufunikwa. Kilichobaki sebuleni kwa Marcelina, pale Kigera, Musoma, ni godoro moja la futi tatu na nusu. Aliinama alinyanyue akalianike juani. Halikunyanyuka.

Sasa, Marcelina si mtu wa kushindwa na godoro. Hilo hilo alilibeba kichwani toka Mukendo siku alipolinunua, kwa miguu, na bado akapata nguvu za kusimama njiani kugombana na mwenye pikipiki aliyemrushia vumbi. Akavuta tena. Upande mmoja ulikuja vizuri. Upande wa ukutani, ambako siku zote tatu za msiba hakuna aliyekaa, ulikuwa mzito na una joto, na umebonyea kama vile mtu mzima ameinuka hapo sasa hivi. Akanusa. Udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo.

"Watu walikuwa wengi," akajiambia. "Wamelichosha." Akaliacha, akaenda barazani kwenye cherehani yake.

Ngoja nikwambie msiba wenyewe ulikuwa wa nani, maana ndani ya nyumba ile hakuwa amekufa mtu.

Mwaka huu wasanii walikufa kwa kufuatana. Januari alikufa yule mchekeshaji, na Yunis, binti pekee wa Marcelina, mwenye miaka ishirini, akashinda siku mbili hajala. Pasaka akafuata mwigizaji wa kike, Yunis akalia tena, akabadilisha picha yake kwenye simu akaweka mshumaa. Mwezi wa sita akafa Gody Tunu, mwimbaji. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Gody alikuwa mtoto wa Bunda, wa mkoa wetu huu huu, na waliokuwa wakimsimamia kazi zake walimzika huko huko Dar es Salaam. Kwao Bunda hawakuletewa hata kiatu chake.

Mashabiki wa Musoma wakasema haiwezekani. Kijana mmoja wa Kitaji, Alfonsi, anayeuza makava ya simu Mukendo, ndiye alikuwa mwenyekiti wao. Akaja kumwomba Marcelina baraza na sebule, siku tatu tu, Ijumaa mpaka Jumapili. Marcelina nyimbo za Gody alikuwa hazijui hata moja, na kelele zake alizichukia, lakini mtoto alikuwa ananyauka mbele ya macho yake. Akakubali.

Jumapili mtu mmoja akasema msiba bila mjane haunogi. Wakacheka. Wakamfunga Yunis kanga kichwani, wakamkalisha kwenye godoro miguu amenyoosha, picha ya Gody mapajani, na Alfonsi akachukua video. Yunis akatazama kamera, machozi ya kweli yanamtoka, akasema, "Mimi ndiye mke wake."

Marcelina alitokea jikoni na sinia la ugali akakuta hilo. Yeye alishakaaga kwenye godoro kama lile. Butiama, miaka kumi na moja iliyopita, mumewe alipofariki, wakwe walimweka godoroni miezi minne. Hatoki mpaka atumwe, na mawifi wakabaki kumlinda mlangoni. Kisha wakamwambia shemeji yake ndiye atakayemrithi. Alitoroka alfajiri, mtoto mgongoni japo ana miaka tisa, kichwa cha cherehani mkononi, akaapa mbele ya Mungu hatakaa tena kwenye godoro la msiba wa mtu yeyote. Alitakiwa amwondoe binti yake pale pale kwa kofi. Akaona haya mbele ya wageni. Akaweka sinia mezani, akarudi jikoni. Alijilaumu baadaye mpaka akachoka.

Ile video Alfonsi aliirusha mtandaoni, na mpaka giza linaingia watu elfu arobaini walikuwa wameandika chini yake. Pole shemeji. Pole sana wifi yetu. Jikaze shemeji, tuko na wewe.

Jumatatu hiyo hiyo, saa nane mchana, jua limesimama na mtaa mzima uko ndani unapumzika, ikapigwa hodi.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, mpole wa sura, na kanga mpya iliyolowa pindo. Mvua Musoma ilikuwa na wiki tatu haijanyesha.

"Nimemfuata wifi yangu," akasema.

"Umetokea Bunda?" Marcelina akauliza. "Ni mtu wa kwao Gody?"

"Ni mtu wa kwao." Akapita. Hakuonyeshwa pa kukaa. Alikwenda moja kwa moja upande wa ukutani, akakaa pale palipobonyea, na akaenea sawasawa.

Yunis alikuwa amelala chumbani. Akatoka mwenyewe bila kuitwa, macho mazito, akakaa pembeni ya yule mwanamke, akanyoosha miguu. Mgeni akaanza kumfumua rasta, taratibu, akimbembeleza. "Mjane hakaagi na nywele za kusuka, wifi yangu. Kaa nikufumue."

Alifumua Jumatatu mpaka jioni. Jumanne akaamka anafumua. Jumatano beseni la nywele lilikuwa limejaa, na la pili limefika nusu, nywele ambazo vichwa vitano visingezibeba, na bado kichwani kwa Yunis rasta zilikuwa zimening'inia vile vile. Mgeni hakula, lakini sahani yake ilirudi jikoni tupu. Hakulala. Kila saa nane mchana alilia, kilio cha chini chenye kwikwi, kizuri mno, na majirani waliopita nje walisema maskini, ndugu yake marehemu huyo, ana uchungu kweli.

Jumatano Marcelina alimshika binti yake mkono, akamwambia twende sokoni, na Yunis akainuka vizuri tu, akatembea, ila alipofika mlangoni magoti yakalegea akakaa chini, na mama alipomburuza avuke kizingiti alipiga yowe kwamba anachunwa ngozi, mama unanichuna, niache, mpaka Marcelina akamwachia, na Yunis akarudi godoroni kwa kutambaa.

"Mama," akanong'ona. "Sitaki kuwa hapa. Nilikuwa natania."

"Najua, mwanangu."

"Mwambie nilikuwa natania."

Mgeni akatabasamu, akaendelea kufumua.

Mchungaji aliletwa. Akaomba kwa sauti kutoka barazani, maana ndani miguu yake ilikataa, na kila alipofika mwisho wa ombi yule mwanamke aliitikia "Amina" kabla ya watu wote, kwa unyenyekevu, mpaka mchungaji akafunga Biblia akasema ana ibada nyingine Kitaji. Alfonsi naye aliitwa, akafuta video mbele ya Marcelina. "Mama Yunis, nimefuta, lakini imeshachukuliwa. Watu wameisambaza kila mahali. Hata leo wanaandika." Akamwonyesha. Pole shemeji. Pole shemeji. Pole shemeji.

Alhamisi mgeni akasema, bila kuinua macho, "Siku ya tisa ni Jumamosi. Saa nane tunaondoka na mke wetu."

"Mnampeleka wapi?" Marcelina akauliza.

"Kwa mumewe."

Ijumaa Marcelina alizunguka na simu mpaka akapata mtu anayemfahamu shangazi wa Gody, dada wa baba yake, na Jumamosi alfajiri alikuwa barabarani. Saa nne asubuhi, baada ya kuuliza njia nyumba hadi nyumba, alimkuta bibi huyo, Matrida, uani kwake Bunda, anachambua pamba kwenye mkeka. Marcelina alipiga goti akasema shikamoo, na mengine yote yakamtoka kwa mkupuo, godoro, nywele, saa nane, mpaka akaishiwa pumzi.

Bibi hakushangaa. Ndicho kilichomtisha Marcelina kuliko yote.

"Sisi hatukutandika," akasema Matrida. "Tungetandikia nini, hatukuletewa maiti. Wale wanaomfuatia marehemu mke wake walikuja hapa, niliwasikia uani, wakakuta hakuna godoro. Wakaenda lilikotandikwa."

"Ni akina nani hao, shangazi?"

"Usitake kuwataja. Wanavaaga sura ya wifi, kwa sababu wifi haulizwi anachotaka. Gody alikufa hajaoa. Wanamtafutia mke."

"Lakini binti yangu hakuolewa! Ilikuwa mchezo wa simu!"

"Mwanangu, ndoa ni mashahidi. Mimi siku ya kuolewa nilikuwa na mashahidi wanane. Wako ana elfu arobaini." Bibi akatupa mbegu pembeni. "Wote wamemwita shemeji. Nani ataenda kuwakanusha mmoja mmoja?"

Marcelina akalia. Alilia kama mtoto, mikono kichwani. Matrida akamwacha amalize, kisha akasogea karibu, akashusha sauti kabisa, kana kwamba pamba ile ina masikio.

"Nikuulize. Wewe ni mjane? Matanga yako yalifungwa?"

"Nilitoroka. Lakini walikujaga kufunga baadaye. Niko huru."

"Basi sikiliza. Kwetu mke mdogo haondoki godoroni kwa amri ya mama yake, wala ya mchungaji. Anaondoka kwa kutumwa na mke mkubwa. Mke mkubwa akimwambia kateke maji, lazima aende, na hakuna wifi wa kumzuia. Na Gody hana mke mkubwa. Nafasi iko wazi."

Marcelina akamtazama.

"Ila mwenye kuikalia," bibi akasema, "hakuna wa kumtuma yeye."

Njia nzima ya kurudi Musoma Marcelina hakuona kitu dirishani. Aliwaza Butiama, wale mawifi wawili mlangoni, na mikono yao kichwani kwake. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa na cherehani yake na baraza lake na hakuna mtu wa kumuuliza anatoka kwenda wapi, na hicho ndicho kitu pekee alichowahi kukipigania duniani. Alitaka kushuka akimbie upande mwingine. Nasema kweli, alitaka.

Aliingia ndani saa nane kasoro dakika kumi. Harufu ya udongo ilimpokea barazani, na sebuleni walikuwa wameongezeka, wanawake watano au sita wamekaa ukutani wenye kanga mpya zilizolowa, sura za upole, kimya kabisa, na Yunis katikati yao amefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, midomo imepauka, na wifi wa kwanza bado anafumua, anafumua, na nywele zimejaa sakafu nzima kiasi kwamba Marcelina alizikanyaga mpaka vifundoni ili afike godoroni, kila hatua ikishikwa, huku akili ikimwambia geuka, geuka mama wewe, mlango bado uko wazi nyuma yako.

Akakaa. Akanyoosha miguu. Godoro likazama chini yake.

"Mimi ndiye mke mkubwa wa Gody," akasema.

Mikono ya wifi ikasimama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Hatukujui," akasema.

"Hamkuniuliza. Siku zote tano nawapikia nyumbani kwangu, godoro langu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi ni nani wa marehemu. Ndiyo heshima ya kwenu hiyo?" Sauti yake ilikuwa ile ya kugombana na mwenye pikipiki. "Huyu ni mdogo wangu. Yunis! Inuka, kateke maji ziwani."

Yunis akainuka. Shuka likaanguka. Akachukua ndoo, akafika mlangoni, magoti yakashika, akavuka kizingiti mpaka juani, na hapo ndipo akili ilipomrudi. Akageuka, akamwona mama yake alipokaa.

"Mama?" Ndoo ikamtoka mkononi. "Mama, hapana. Mama toka hapo!" Akaweka mguu kwenye kizingiti arudi ndani.

Wanawake wote wakamgeukia Marcelina kwa pamoja, wakisubiri waone huyu anayeitwa mama atajibu nini.

Angesema mwanangu kimbia, wangejua. Marcelina alimtazama binti yake aliyembeba mgongoni kutoka Butiama, akakaza uso, akatoa sauti ambayo hakuwahi kumtolea hata siku moja.

"Mama yako nani? Mwanamke huna haya! Umenikalia msiba wangu siku tisa, unamlilia mume wangu kwenye simu za watu! Toka kwangu! Nikikuona tena mlangoni hapa nitakumwagia maji ya moto. Huyu ni mume wangu peke yangu, umesikia? Toka, mchawi mkubwa wewe!"

Machozi yakamjaa Yunis. Kisha akaondoa mguu kwenye kizingiti, taratibu, akageuka, na miguu yake ikasikika ikikimbia kwenye changarawe kushuka barabarani, akilia kwa sauti, mpaka isisikike.

Wifi akasogea karibu, akaweka vidole vya baridi kwenye kitambaa alichojifunga Marcelina kichwani, akakifungua.

"Mke mdogo tungemchukua leo," akasema kwa upole. "Mke mkubwa hukaa kwanza mwaka mzima. Sasa mlilie mume wako, wifi. Anza na nyimbo zake."

"Sizijui," Marcelina akanong'ona.

"Tutakufundisha."

Mmoja wa wale waliokaa ukutani akainuka, akaenda kufunga mlango.