Mstari wa Penseli Ukutani

Kila alasiri Nashilu alipotoka shule alivua sare, akaosha vyombo, kisha akasimama na mama yake mbele ya ukuta wa sebule yao pale Ngarenaro. Mama alikuwa ameondolewa titi la kulia kwa sababu ya saratani. Hospitalini walimwagiza apandishe vidole ukutani polepole hadi kwenye mstari wa penseli uliochorwa juu ya usawa wa bega, mara kumi. Baba alikuwa safarini na lori, hivyo Nashilu, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyehesabu na kuweka alama ya vema kwenye karatasi ya mazoezi kila mama alipofika.

Mama alipandisha vidole huku amefumba macho, machozi yakimtoka.

"Nimefika?"

Vidole vilikuwa chini kabisa ya mstari. Nashilu aliogopa mshono ungefumuka.

"Umefika, mama. Pumzika."

Akaweka vema. Ikawa hivyo wiki tatu.

Siku ya kliniki, Dada Brightness, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliitazama karatasi akatabasamu. "Vizuri sana. Haya mama, inua mkono."

Mkono uliishia chini ya bega.

"Nyumbani nafika kwenye mstari," mama alisema.

Brightness alikunja uso. "Kama mazoezi yamefanyika yote, basi kuna kitu kingine. Itabidi daktari akupime upya."

Mama aliketi, mikono imemlegea mapajani. Nashilu alijua anachowaza: ugonjwa umerudi.

"Hakufika," alisema. "Nilikuwa namdanganya. Nilimwonea huruma, nikaogopa mshono utafumuka."

Mama alimgeukia.

"Kuvuta kidogo ni kawaida, hakufumui mshono," Brightness alisema taratibu. "Maumivu yakizidi, mnaacha na kutupigia simu. Ila mkono usiponyooshwa, bega linaganda."

Walianza upya. Siku nyingine mama alilia, na Nashilu alilia naye, lakini alisema ukweli: bado, mama, bado kidogo. Mwezi wa pili wa mazoezi ulipokaribia kwisha, mama alianika shuka kwenye kamba bila msaada. Kisha akamwita Nashilu, akamketisha karibu naye.

"Siku ile kliniki niliamini nakufa," alisema. "Ukiogopa, niambie, tuogope wote wawili. Lakini kuhusu mwili wangu, mwanangu, niambie ukweli hata ukiuma. Huruma yenye uongo ilikuwa inanilemaza."