Betri ya Volti Tisini

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatano moja ya mwezi wa Agosti 1956, Mwalimu Zahor alifungua kabati la chumba cha ufundi akakuta betri kubwa haipo. Saa moja na robo Sajini Mcha alikuwa ameshasimama mbele ya kabati hilo, daftari mkononi.

Skuli yenyewe ilikuwa ukingoni mwa mji, upande unaotazama Ng'ambo, na muhula mzima haikuwa na habari nyingine ila mashua ya Mwalimu Zahor. Ilikuwa mashua ya mbao ya kuchezea, urefu wake futi nne, yenye mota na usukani, na ilikuwa iendeshwe bila ya kamba wala mtu. Mwalimu angesimama kando ya birika la skuli, lile tangi la maji la uwanjani, na chombo chake cha kurushia mawimbi ya redio, abonyeze, na mashua igeuke. Wageni wakubwa walialikwa kuja kuitazama Alhamisi, saa kumi alasiri.

"Chombo kinataka betri mbili," Zahor alimweleza sajini. "Ndogo, ya volti moja na nusu, inaipasha moto taa ya kioo iliyomo ndani. Kubwa, ya volti tisini, ndiyo inayotoa nguvu ya kurusha mawimbi. Bila ya hiyo kubwa, hili ni sanduku tu."

Mcha akaandika. Kufuli zima. Funguo mbili, mmoja wa mwalimu, mmoja wa mlinzi, Mzee Simai. Betri ndogo iko palepale rafuni. Nyaya za ile kubwa hazikukatwa, zilifunguliwa kwa bisibisi na ncha zake zikakunjwa vizuri. Mwalimu alisema alikijaribu chombo Jumanne saa kumi na moja jioni, kikafanya kazi sawasawa, akafunga kabati akaenda zake.

Yote hayo Mcha aliyaandika kwa mkono wake, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye. Alikuwa nayo tangu asubuhi ile, asiyatazame, kwa kuwa alikuwa ameshalishika jina la Simai.

Simai alikuwa mtu wa Makunduchi, na Mcha naye wa huko huko. Mzee huyo alimjua tangu anatambaa. Wenziwe pale stesheni walizoea kumtania kwamba akiwa zamu yeye, watu wa kwao hawakamatiki. Leo alitaka kuwaonyesha.

Saa tatu alifika Jang'ombe, nyumbani kwa mlinzi, na askari wawili. Aliwatoa nje Mzee Simai na mkewe, Bi Mwanakheri, akaamrisha godoro, sanduku la nguo na vyungu vitolewe uwanjani, majirani wote wakitazama. Askari mmoja akapanda kwenye paa la banda la jiko. Huko juu, imeanikwa juani, palikuwa na betri kubwa ya volti tisini.

"Hiyo imekufa zamani," Simai alisema. "Mwalimu alinipa mwezi wa Ramadhani. Nnaianika ipate joto, jioni redio inasema robo saa, ikibahatika."

"Kila mwizi anapewa," Mcha alimjibu.

Akamshikisha mzee betri ile kwa mikono miwili, akamtembeza kwa miguu mpaka mjini. Wanawake waliokuwa wakiteka maji mferejini waliacha ndoo zao zikamwagika. Bi Mwanakheri hakulia. Aliokota kanga yake iliyokuwa chini, akaingia ndani.

Zahor aliitwa stesheni kuitambua betri. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema zote zinafanana, hawezi kuapa. Simai akamuuliza kwa upole kama hakumbuki siku aliyompa. Mwalimu alijibu huku anatazama dirishani kwamba ana mambo mengi, huenda alimpa, huenda hakumpa. Simai akalala ndani.

Alhamisi saa mbili asubuhi Mcha aliipeleka betri kwa Muhiddin, fundi wa redio wa Darajani, ili apate maneno ya mtaalamu ya kuyatia katika ushahidi. Muhiddin aliipima. Mshale wa kipimo ulitikisika kidogo ukasimama kwenye kumi na mbili.

"Hii haikufa jana," alisema. Akaipindua amwonyeshe chini, mahali ilipolika na kutoa maji. "Ina miezi. Jua ndilo linaloipa uhai kidogo."

Rafuni nyuma ya fundi Mcha aliona betri mpya ya aina ile ile, akauliza ilikotoka, kwa sauti ya mtu anayetafuta mwengine wa kumkamata. Muhiddin hakukasirika. Alitoa karatasi ya forodha: betri ilishuka melini jana saa saba mchana, ikitoka Mombasa, saa sita nzima baada ya wizi kugunduliwa.

"Sasa nikuulize mimi," fundi alisema. "Umesema ile ndogo iliachwa. Redio ya betri inataka zote mbili, kama kile chombo cha mwalimu. Mwizi mwenye redio ataiachaje ndogo, na ipo pembeni yake?"

Swali hilo lilikuwa daftarini mwa Mcha, kwa wino wake.

Muhiddin akajitolea kuiazima skuli betri yake ili shughuli isiharibike. Saa nane mchana walikuwa katika chumba cha ufundi, na jambo la kwanza lililomshangaza Mcha ni kwamba Mwalimu Zahor hakufurahi. Alisema muda umepita. Alisema betri ya kuazima si ya kuaminika. Muhiddin alikuwa ameshaziunga nyaya.

Chombo hakikusema kitu. Muhiddin akaichomoa ile taa ya kioo, akaipima, akaiinua kwenye mwanga.

"Uzi wa ndani umekatika. Taa hii imepelekewa volti tisini mahali pa volti moja na nusu."

Mcha akamgeukia mwalimu. "Jumanne saa kumi na moja ulisema kilifanya kazi."

"Naam."

"Betri ikaibiwa baadaye. Sasa taa imeunguzwa na nani? Mwizi wa betri anachukua, anaondoka. Hakai akaiunga kwanza, akakosea, kisha akazifungua nyaya kwa bisibisi na kuzikunja."

Muhiddin, kwa kumwonea haya mwalimu, akasema basi angalau mashua itiwe majini, ivutwe kwa kamba, wageni waone umbo lake. Wakaibeba yeye na Mcha, mwalimu akiwafuata nyuma anawaambia waiache. Katika birika mashua ililala upande, na mstari mwekundu ambao Zahor mwenyewe aliupaka kuonyesha maji yafike wapi ukazama wote.

Mcha akapiga magoti, akafungua kifuniko cha sitaha. Betri ya volti tisini ilikuwa ndani, imefungwa kwa leso nyeupe iliyopigwa pasi.

"Sikuweza kuitupa," Zahor alisema. "Nilifika nayo mpaka pwani nikashindwa."

Akaeleza akiwa amesimama hapo hapo. Muhiddin aliwahi kutaka kumkagulia nyaya zake, naye akamjibu kwamba mtu mwenye cheti hafundishwi na fundi wa Darajani. Jumanne jioni, kwa haraka, akaziunga nyaya mwenyewe, za betri kubwa mahali pa zile za ndogo. Taa iliwaka kama umeme wa mvua, mara moja, ikazima. Nyengine haipatikani karibu zaidi ya Nairobi.

"Nilitaka wageni waseme nimeibiwa, wasiseme sijui."

"Na Mzee Simai?"

"Sikumtaja mimi. Nilidhani mtaandika, yatapita. Ulipomleta nikasema nitasema adhuhuri. Kisha nikasema alasiri. Kila nikikawia neno lilizidi uzito."

Mcha alitaka kumkaripia. Lakini kweli Zahor hakulitaja jina. "Mimi ndiye niliyemtaja," Mcha alisema. Akamwambia mwalimu ataandikisha maelezo ya kudanganya polisi, lakini kabla ya hapo atasimama saa kumi mbele ya wageni na wanafunzi, awaambie mwenyewe. Zahor akaitikia kwa kichwa. Leso alibaki nayo mkononi, hajui aiweke wapi.

Mcha hakungoja kusikia. Alikwenda stesheni, akamfungulia Mzee Simai, akamwomba radhi mbele ya wenziwe. Hakuna aliyecheka. Kisha akafuatana naye kwa miguu mpaka Jang'ombe, jua bado lipo, watu wakitoka milangoni.

"Mimi nshakusamehe," Simai alisema njiani. "Wewe ni mtoto wetu. Lakini Mwanakheri hajatoka ndani tangu jana. Huyo simsemei."

Bi Mwanakheri alitoka aliposikia sauti ya mumewe. Alimtazama Simai juu mpaka chini, akamuuliza kama amekula. Ndipo akamgeukia Mcha, aliyekuwa amevua kofia. Mcha alisema yote: alikosea, mumewe hakuiba, ni yeye aliyetaka kujionyesha.

"Nimesikia," Bi Mwanakheri alisema. "Mimi nilikuwa nnajua tokea jana." Akanyoosha mkono kuelekea mferejini, wanawake walikokuwa wamesimama na ndoo zao. "Kawaambie wale."

Mcha akaenda.