Dumu la Chini ya Kitanda

“Sangala, hapa Kituo. Ndagala wameingia kikapuni.”

Meshaki alibonyeza kidude kilichojificha sikioni. “Kikapu kipi?”

“Cheupe. Cha konsuli.”

“Na petroli yangu?”

Kituo kilikohoa. Kituo kikikohoa, ujue habari mbaya inavalishwa nguo.

“Haiji. Lori limekwama. Pampu za nchi nzima ni kavu. Jitegemee.”

Mawasiliano yakakatika.

Meshaki alikuwa amepiga magoti katika chumba cha kulala cha watu waliomwamini, mkono mmoja chini ya kitanda chao. Alikuwa ameshaanza kujitegemea kabla hajaambiwa.

Akalivuta dumu.

Lilikuwa dumu la njano la lita ishirini, mdomo umefungwa kwa nailoni na kipande cha kanga. Ndani mlikuwa na petroli safi ya Kigoma, iliyopita ziwani chini ya magunia ya vitunguu. Mwenyewe alikuwa Mansuri, fundi magari wa mtaa wa Waswahili hapo Rumonge. Tangu masika Mansuri alikuwa amempa Meshaki kitanda, spana na jina la ndugu, bila kumuuliza mengi. Hakujua kwamba ndugu huyo ni ofisa wa usalama aliyetumwa kumwinda mtu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Meshaki alikuwa ndani ya nguo.

Dumu lile halikuwa la biashara. Mtoto wa kwanza wa Mansuri na mkewe Riziki alifia njiani kwenda Bujumbura, pale Magara, gari lilipozimika kwa kukosa petroli. Sasa Riziki alikuwa na mimba nyingine, na daktari alimwambia akajifungulie Bujumbura, kwa mabingwa. Mansuri alitafuta petroli kama mtu anayetafuta dawa. Alipoipata aliisukuma chini ya kitanda, akamwambia Meshaki: “Hii bido ya esanse hakuna mutu wa kuigusa. Hata mimi mwenyewe siigusi.”

Meshaki aliimwaga yote kwenye tangi la Subaru.

Kisha akafanya jambo baya zaidi. Alilijaza dumu maji ya bomba, akalifunga kwa kanga ile ile, akalirudisha mahali pake. Uzito ule ule. Uchungu ulikuwa bado wiki tatu, alijiambia. Jioni angerudisha petroli, na hakuna ambaye angejua.

“Shemeji, hujakula.”

Riziki alikuwa uani, mkono kiunoni, tumbo mbele. Alimwekea bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, waliopikwa kwa mafuta ya mawese. Meshaki aliosha mikono yenye harufu ya petroli, akaosha tena, akala. Alimaliza sahani, maana jasusi anayekataa chakula huulizwa maswali.

“Leo utamupiga yule muzungu kwenye mashindano?” Riziki aliuliza.

“Nitamupiga, shemeji.”

“Mungu akulinde. Mansuri amekuombea musikitini.”

Akatamani asingaliambiwa hilo.

*

Muzungu mwenyewe aliitwa Verlinde, konsuli wa heshima, yaani balozi mdogo, wa nchi ambayo watu wengi wa Rumonge hawakuwahi kuisikia. Gari lake lilikuwa Porsche Taycan nyeupe, la umeme, lenye nguvu za farasi mia saba na zaidi. Wakati nchi nzima ilipanga foleni ya petroli mpaka watu wakazoeana na majirani wa foleni, Verlinde alichomeka waya ukutani kwake akalala.

Kila Jumapili alikuja kushindana kwenye barabara ya Kizuka, katikati ya michikichi. Alizipiga Supra za Bujumbura, akaipiga BMW M3 ya daktari mmoja, akazipiga gari zote. Askari walimsafishia njia na kumpigia saluti. Asubuhi gari lake lilioshwa ufukweni. Wakati wa kuoshwa, dhahabu iliyovushwa kutoka ng’ambo iliingizwa chini yake; hao ndio ndagala wa Kituo. Baada ya mashindano dhahabu ile ilisafiri naye, ikaenda mbali, ikarudi ziwani imekuwa bunduki.

Hakuna aliyeweza kulipekua. Lilikuwa na plaki, namba za kibalozi. Ukilifungua, umevunja sheria ya dunia.

Ila Kizuka walikuwa na sheria yao.

Ilianzishwa na mafundi, watu wasioweza kulala bila kujua mwenzao kaficha nini. Anayeshindwa hulinyanyua gari lake kwa jeki, akafungua boneti na bamba la chini, watu wote waone siri yake. Sheria hiyo waliiita kufungua tumbo. Verlinde alikuwa ameikubali sheria hiyo mbele ya umati, akicheka, kwa sababu alikuwa hajawahi kushindwa.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Verlinde hakuwa mshindani. Alikuwa mchukuzi.

*

Saa tisa alasiri. Jua kali, watu kama siafu.

Subaru Impreza STI ya bluu ilinguruma kwenye mstari. Mansuri, aliyebaki nyumbani na mkewe, alikuwa ameifungia tabo kubwa ya kusukumia hewa kwenye injini, sindano mpya za petroli na springi za gari la rali. Taycan ilisimama ubavuni, kimya kama friji. Chini ya kiti cha Meshaki kulikuwa na bastola ya Glock. Kwenye kifungo cha shati lake kulikuwa na kamera.

Mwanvua, muuza mawese mwenye sauti ya kutosha soko zima, ndiye aliyeshika kitenge cha kuanzishia.

“Sheria munaijua,” alisema. “Mwenye kushindwa anafungua tumbo ya gari yake. Hakuna kulia.”

“Mita mia nne, kama siku zote,” alisema Verlinde kwa Kiswahili cha Uvira, mji wa ng’ambo.

“Mita mia nne ni ya watoto,” Meshaki alijibu. “Kilometa moja. Mupaka kule kwenye kibanda ya mawese. Ao konsuli anaogopa?”

Watu walizomea kwa furaha. Verlinde aliitazama barabara. Kati ya mstari na kibanda kulikuwa na kalavati iliyotitia kwa mvua, na lami hapo ilikuwa imebonyea kama godoro la zamani. Meshaki aliona jicho lake likitua pale, likatoka haraka.

“Sawa,” alisema Verlinde. “Kilometa moja.”

Kitenge kikashuka.

Taycan ikatoweka.

Hakuna neno jingine. Ilikuwa hapa, kisha ilikuwa kule. Meshaki alibaki na moshi wake na kelele zake, akiangalia makalio meupe yakipungua.

Gia ya pili. Ya tatu. Tabo ikapiga mluzi.

Mwendo mia na sitini. Taycan bado mbele, kwa urefu wa magari manne au matano. Gia ya nne. Usukani ulitetemeka mikononi mwake, na kwenye pua alisikia harufu ile ile ya petroli ya Kigoma. Alikuwa akiunguza safari ya mtu. Alijua. Hakuondoa mguu.

Kalavati ikaja.

Taa nyekundu za Taycan ziliwaka.

Verlinde alikuwa amekanyaga breki. Gari tupu lingepita pale kwa kishindo na kwenda zake. Lenye mzigo tumboni lingegonga chini, bamba likachanika, vyuma vya njano vikatapakaa barabarani mbele ya watu wote. Ndiyo maana Meshaki alitaka kilometa moja.

Yeye hakukanyaga breki.

Subaru iliruka. Ilitua kwa tumbo, kitu kikapasuka chini, ikayumba, ikanyooka. Alipita kwenye kibanda mbele ya Verlinde kwa urefu wa boneti.

Mafuta ya injini yalichora mstari mweusi nyuma yake. Injini ikafa.

Alikuwa ameshinda.

*

“Hii ni gari ya kibalozi,” alisema Verlinde. Uso ulikuwa umemgeuka rangi. “Haifunguliwi.”

“Ubalozi haikushindana,” Mwanvua alimjibu. “Ni wewe ulishindana.”

Umati ulishaziba barabara. Askari wa saluti walitazamana, wakagundua wana kiu, wakaenda kutafuta soda. Mlinzi wa Verlinde alipeleka mkono kiunoni. Spana ya Meshaki ilifika kwenye kifundo cha mkono wake kabla bastola haijatoka.

Mfupa ulilia. Bastola ikaanguka.

“Tulia,” Meshaki alimwambia. “Ni mambo ya mafundi.”

Jeki zikaingia. Bamba likashuka. Kati yake na bamba la pili, vikiwa vimezungushiwa nailoni, vililala vipande vya dhahabu, vimepangwa kama biskuti dukani. Mafundi walivitoa kimoja kimoja wakavipanga juu ya turubai. Verlinde aliketi chini kando ya gurudumu, akishika kichwa.

“Sangala, tumeona kila kitu,” Kituo kilisema sikioni. Ilikuwa sauti ya Agata, mkubwa wake. “Vijana wanaingia sasa. Kazi safi.”

Vijana waliingia kweli, magari mawili, pingu tayari. Meshaki aliruhusu tabasamu lianze.

Simu ikalia. Mansuri.

“Ndugu, uko wapi?” Alikuwa akihema. “Uchungu imemushika Riziki. Tuko hapa Gatete, njia ya Bujumbura. Gari imezimika. Nimetia esanse yote ya ile bido, inakohoa tu, inakataa. Sijui nimekosa wapi. Nisaidie, ndugu yangu.”

Meshaki alisikia nyuma ya sauti ile mwanamke akiugulia.

Aliona aibu. Mtu alikuwa akijilaumu kwa kosa lisilo lake, na alikuwa akimwomba msaada aliyelitenda.

“Usiwashe tena,” alisema. “Nakuja.”

Subaru ilikuwa imelala kwenye dimbwi la mafuta yake. Alikwenda kwa Verlinde, akaingiza mkono mfukoni mwake, akatoa ufunguo.

“Shusheni jeki.”

“Sangala,” Agata alisema sikioni. “Gari hilo ni ushahidi. Usiliguse.”

“Ushahidi uko juu ya turubai.”

“Ni amri.”

Alitoa kidude sikioni akakitia mfukoni.

*

Betri ilikuwa nusu. Ilitosha.

Aliwakuta kando ya barabara, Corolla imefunguliwa boneti, Riziki ameegemea mlango. Mansuri hakuuliza gari la konsuli limefikaje mikononi mwa ndugu yake. Walimlaza Riziki nyuma, Mansuri akampakata kichwa.

Taycan iliondoka bila sauti.

Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu. Ndani ya gari la petroli mtu anaweza kujificha nyuma ya kelele. Humu kila kitu kilisikika: pumzi za Riziki, dua za Mansuri, moyo wa Meshaki mwenyewe. Kushoto ziwa lilimeta. Alipita kila gari lililokuwa mbele yake.

Walipokaribia Magara, ambako wachuuzi walikuwa wakipima samaki pembeni, Mansuri alifumba macho. Meshaki alimwona kwenye kioo.

“Ilikuwa maji,” Mansuri alisema, macho bado yamefumbwa. “Nimefungua bomba ya esanse, nimeonja. Ni maji.”

Meshaki angeweza kusema uongo. Alikuwa nao mwingi, wa kila saizi.

“Ni mimi, ndugu. Nimeichukua adhuhuri, ulipokuwa unasali. Nimetia kwenye Subaru.”

Riziki aliugulia. Meshaki akaongeza mwendo mpaka Bujumbura.

*

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye mapafu ya kutangazia mechi. Meshaki, aliyekuwa amekaa kwenye ukumbi wa hospitali, alimsikia akilia, akaficha uso kwenye viganja.

Mansuri alitoka baadaye. Alisimama mbele yake, shati limelowa jasho. Meshaki aliinuka akingoja ngumi. Aliitamani ile ngumi.

“Wako wazima,” Mansuri alisema. “Wote wawili.”

“Alhamdulillahi,” alisema Meshaki, yeye Mkristo.

“Nimesikia hapa kwenye simu za watu. Dahabu, konsuli, wewe ni nani.” Alimtazama kwa uchovu tu. “Ungeniomba, Meshaki. Ungeniambia iko sababu kubwa. Ningekupa, na mimi ningemuleta Riziki huku jana kwa bisi, tungengojea.”

Akarudi ndani kwa mkewe. Hakusema ndugu.

Meshaki alitoka nje. Alivaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban ingawa jua lilikuwa linazama ng’ambo ya ziwa. Alikunja mikono ya shati, akauacha ufunguo wa Taycan kwa mlinzi wa geti, akashika njia kwa miguu, polepole, kama mtu asiye na deni na dunia.

Alirudisha kidude sikioni.

“Sangala,” Agata alisema. “Ungekuwa mtu mwingine ningekufukuza. Wakubwa wamefurahi sana. Wanauliza unataka nini.”

“Lita ishirini za petroli. Zipelekwe Rumonge, kwa Mansuri fundi.”

“Si uchukue mwenyewe ghalani? Wewe huwa unachukua.”

Meshaki alisimama. Nyuma ya miwani macho yalikuwa yamelowa.

“Hapana, shefu,” alisema. “Naomba.”