Kuku wa Viola na Bomba la Tishu

Asubuhi nyumbani kwa Harriet, hapa mtaa wa Hai Malakal, mjini Juba, huanza kwa ufagio. Harriet hufagia ua, huwasha sigiri, huchemsha chai. Mumewe Lodu ni fundi wa kujenga. Hunywa chai yake akiwa amesimama, kisha huondoka na mwiko wake mfukoni. Loro, mtoto wao wa miezi kumi, hutambaa mkekani akitafuta kitu cha kutia mdomoni. Na Viola, dada yake wa miaka mitano, hukaa kimya.

Ukimya wa Viola uliwatesa wazazi wake. Kule Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi alikozaliwa, alikuwa msemaji hodari. Lakini marafiki zake walibaki huko. Tangu familia irudi Juba, miezi saba sasa, alijibu kwa kutikisa kichwa tu. Shuleni, katika darasa la Top, la mwisho la chekechea, hata kichwa hakutikisa. Mwalimu wake, Teopista, ni Mganda anayekaa ua wa jirani. Yeye alikuwa hajawahi kusikia sauti ya Viola hata mara moja.

Jumamosi moja ukafika mzigo kwa basi la Kampala. Ulitoka kwa Scovia, dada yake Harriet, anayefanya kazi huko katika nyumba ya watu. Watoto wa nyumba ile walikuwa wamekua, wakampa Scovia mchezo wao, bado uko ndani ya boksi lake.

Jamani, mchezo ule! Mimi ninayeandika ni mtu mzima, na nilipouona nilitamani kuketi mkekani. Lilikuwa shamba zima. Kulikuwa na nyumba ambayo mlango wake unafunguka. Kulikuwa na watu wanne, kila mmoja urefu wa kidole. Babu alikuwa na miwani unayoweza kuivua. Bibi alikuwa na ndoo ya maziwa, na ndoo ilikuwa na kifuniko chake. Kuku walikuwa sita, kila mmoja ukubwa wa harage, na kila mmoja amechorwa manyoya na jicho. Aliyevitengeneza vitu hivi alikuwa na subira ambayo mimi sina. Ng'ombe ndiye alikuwa mkubwa, akijaa kiganja kizima cha mtu mzima.

Jirani yao Makur alikuja siku hiyo kuazima pampu ya baiskeli. Akasahau pampu kwa muda. Alimwinua ng'ombe, akamgeuza tumbo juu. Makur ni Mdinka, na kwa habari ya ng'ombe hadanganyiki.

"Kwes," alisema. "Nzuri kabisa. Pembe ni fupi, hapo amekosea. Lakini huyu mtu ameangalia ng'ombe na macho yake. Ona hii goti!"

Boksi Harriet aliliwashia sigiri jioni ile ile. Lilikuwa na maandishi na alama, lakini hakuna aliyezisoma.

Jumatatu mchana Harriet alikuwa anashona gauni la mteja. Akasikia mtu anaongea nyuma yake.

"Bibi, kuku wamekula?"

"Bado. Lete mahindi."

"Mahindi imeisha, bibi. Twende kwa jirani."

Harriet aliacha kukanyaga cherehani. Hakugeuka. Aliogopa hata kukohoa. Ilikuwa sauti ya Viola, aliyekuwa mkekani peke yake na watu wake wadogo. Aliwasemea wote. Alikuwa amewapa majina ya marafiki zake wa kambini. Harriet alilia kimyakimya, machozi yakalowesha gauni la watu.

Hakumwambia Lodu. Alitaka asikie kwa masikio yake mwenyewe. Lakini Lodu hutoka asubuhi na kurudi jioni, wakati Viola ameshanyamaza.

Alhamisi mchana Loro alilia. Aliona dada yake ana vitu vizuri, naye anataka. Harriet alikuwa na pini mdomoni na kitambaa mikononi.

"Viola, mpe mdogo wako," alisema. "Wewe ndiye mkubwa."

Kwetu hii ni amri ya kwanza anayojifunza mtoto mkubwa. Mdogo akilia, mpe. Ni amri nzuri, na Viola ni mtoto mtiifu. Alichagua kuku mzuri kuliko wote, mwenye mkia mwekundu, akampa Loro kwa mikono miwili.

Loro akanyamaza. Alinyamaza mno. Harriet alipotazama, mdomo wa mtoto ulikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka. Midomo yake ilianza kuwa na rangi mbaya. Harriet alimnyakua, akamtia kidole kooni, huku akipiga yowe.

Teopista alitokea mbio, bila viatu.

"Toa kidole!" alisema. "Huoni kitu, unakisukuma ndani! Lete mtoto."

Alikaa chini. Akamlaza Loro kifudifudi juu ya mkono wake, mkono ukiwa juu ya paja. Kichwa cha mtoto kilikuwa chini kuliko kifua. Alishika taya yake vizuri, bila kubana koo. Kisha kwa kisigino cha mkono wa pili akampiga mgongoni, katikati ya mabega. Moja. Mbili. Tatu. Kwa pigo la nne, kuku wa mkia mwekundu alianguka mkekani pamoja na mate.

Loro alilia kwa nguvu zake zote. Sijui kilio kingine kilicho kitamu kama kile.

"Banange, jamani!" Teopista alisema, akimrudishia Harriet mtoto. "Mama Viola, sikia. Unapiga mara tano. Ikikataa, unamgeuza chali, unaweka vidole viwili katikati ya kifua, unasukuma mara tano. Unarudia hivyo hivyo mpaka kitu itoke. Mtu mwingine anakimbia kuita boda ya hospitali. Lakini mtoto akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kikohozi inajua kazi yake."

"Na Viola? Naye nimfanyie hivyo?"

"Hapana, hiyo ni ya mtoto hajafika mwaka moja. Ya wakubwa iko tofauti kidogo. Kesho kuja shule, nitakuonyesha. Sasa twende kliniki, wamsikilize kifua."

Kliniki walimsikiliza. Kifua kilikuwa safi.

Lodu alirudi jioni, akaelezwa. Hakupiga kelele. Alichukua gunia la saruji, akaanza kuokota watu wadogo, kuku, ndoo na miwani.

"Hii yote inaingia kwa choo leo," alisema. "Viola, wewe unampa mtoto kuku ya plastiki? Ungeua ndugu yako!"

Viola hakulia. Aliubana mdomo wake. Harriet alipouona mdomo ule alielewa jambo. Mtoto huyu akiamini kwamba yeye ndiye mwenye kosa, hatafungua mdomo tena, si leo wala mwaka ujao.

"Baba Viola, ngoja," alisema. "Si yeye. Ni mimi. Mimi nilimwambia ampe mdogo wake. Yeye alitii tu."

Lodu alisimama na gunia lake. Wakati huo Teopista aliingia kumwangalia Loro. Mkononi alikuwa na kile kigogo cha karatasi ngumu kinachobaki katikati tishu ya chooni ikiisha. Shuleni huvikusanya kwa kazi za mikono.

"Baba Viola, hiyo gunia inaenda wapi?"

"Chooni, Mwalimu."

"Basi mimi nitalia," alisema Teopista. "Hii mchezo iko nzuri sana! Hata mimi sijawahi kuona nzuri kama hii. Boksi yake iko wapi?"

Harriet alitazama sigiri, kisha akatazama chini.

Teopista alichukua kijiti. Alichora duara kwenye vumbi la ua. Ndani alichora uso wa mtoto, akaandika 0-3, akakata mstari juu yake.

"Boksi ilikuwa na alama kama hii. Maana yake, mtoto wa chini ya miaka tatu hapana. Yeye anajua vitu na mdomo. Kila kitu anaonja. Na koo lake iko ndogo. Lakini si kwamba mchezo ni mbaya. Mchezo bado haijafika miaka ya Loro. Ya Viola imefika."

"Nitajuaje ipi ndogo na ipi kubwa?" Lodu aliuliza.

Teopista alimpa kile kigogo. "Hii bomba ndiyo inajua. Kitu ikipita hapa, hiyo si ya mtoto mdogo."

Lodu aliangusha kuku ndani. Akapita. Ndoo ikapita. Miwani ikapita. Babu naye akapita, kichwa kwanza. Ng'ombe akagoma. Nyumba ikagoma.

"Ah!" alisema Lodu, na uso wake ukalegea kidogo. "Ni kama chekeche yetu ya mchanga. Inayopita inaenda huku, inayobaki inaenda huku."

"Ndiyo hivyo. Lakini vuta kwanza na mkono. Kichwa ikitoka, au gurudumu, ile kipande pia unapima. Na kitu yenye ile betri ndogo ya duara, weka mbali kabisa. Mtoto akiimeza, usingoje, ni hospitali saa hiyo hiyo."

"Basi tumpe Scovia arudishe," alisema Lodu. "Kwa nini nikae na hatari ndani ya nyumba?"

"Kwa sababu Viola anaongea," alisema Teopista.

Lodu aliinua kichwa.

"Juzi nilienda kuanika nguo," Teopista aliendelea. "Nikasikia sauti kwenu. Nikasimama na beseni langu kwa ua. Nilisikiliza mpaka nguo zikataka kukaukia kwa beseni. Bibi anatuma mtu mahindi, babu anakataa, kuku wanagombana. Miezi saba mimi ni mwalimu yake! Mchezo yenye vitu vidogo vidogo hivi inampa mtoto wa miaka tano mambo ya kusema."

"Anaongea?" Lodu alimuuliza mkewe polepole. "Viola anaongea?"

"Tangu Jumatatu," alisema Harriet. "Nilitaka usikie mwenyewe."

Lodu aliweka gunia chini. Alikaa mkekani na nguo zake za saruji, akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi. Baadaye alimwita Viola, akammwagia vitu vyote mbele yake, akampa bomba.

"Pima wewe," alisema. "Baba amekosa. Malesh, nisamehe."

Vinavyopita viliingia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, wenye kifuniko kigumu. Lodu alipigilia ubao ukutani, juu, ambapo Loro hatafika hata akipanda kiti. Mkebe hushuka Loro akiwa amelala au amebebwa mgongoni. Mchezo ukiisha, Viola huhesabu: watu wanne, kuku sita, ndoo moja na kifuniko chake, miwani moja. Ng'ombe na nyumba hubaki mkekani kwa ajili ya wote wawili. Harriet naye alirekebisha amri yake. Mdogo akilia, mpe kisichopita.

Jumapili baada ya kanisa Makur alikuja kurudisha pampu. Alimleta bintiye Nyibol, wa mwaka mmoja na nusu. Loro alikuwa mgongoni kwa mama yake, na kuku wa Viola walikuwa nje. Teopista alikuwa anakunywa chai. Nyibol aliona mkia mwekundu, akanyoosha mkono, akaanza kulia.

"Viola, mama, mpe mtoto," alisema Makur kwa upole. "Wewe uko mkubwa."

Viola alisimama, kuku mkononi. Alimtazama yule mgeni mrefu.

"Hapana," alisema.

Mtoto kumkatalia mgeni! Lodu alifungua mdomo amkaripie, kisha akaufunga. Viola alikwenda kuleta bomba. Alimwangusha kuku ndani, mbele ya viatu vya Makur. Kuku akatua mavumbini.

"Umeona? Imepita. Inayopita haipewi mtoto, atakabwa. Loro alikabwa. Ticha alimpiga mgongo ikatoka." Alivuta pumzi. "Nyibol apewe ng'ombe."

Akampa Nyibol ng'ombe, kwa mikono miwili. Makur alicheka mpaka akashika goti. Kisha akaacha kucheka.

"Wallahi, huyu mtoto ana akili kuliko mimi," alisema. "Mwalimu, mimi pia nipe hiyo bomba."

Teopista aliweka kikombe chini, akamwahidi moja. Neno la kwanza alilomsikia Viola akimwambia mtu mzima lilikuwa "hapana", na alilipenda neno hilo kuliko "ndiyo" zote za darasa la Top.

Jumatatu Teopista aliita majina darasani.

"Viola Lodu?"

"Niko, Ticha," alisema Viola. Darasa zima liligeuka kumtazama. Lakini yeye alikuwa ameshatoka kwenye benchi, bomba mkononi, anaelekea upande wa pili wa chumba, wanakokaa wadogo wa darasa la Baby. Kwenye meza yao kulikuwa na bakuli la vizibo vya soda, ambavyo Teopista huwafundishia kuhesabu. Viola alichukua kizibo kimoja, akakiangusha ndani ya bomba. Kikagonga sakafu.

"Ticha," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "hii inapita."

Teopista alitazama bakuli alilolitumia miaka yote. Alivuta kiti, akapanda juu yake, akaliweka bakuli juu ya kabati. Aliposhuka alimshukuru Viola mbele ya wote, na siku hiyo watoto wa Baby walihesabu kwa viatu vyao.